Kaza Mpaka Ilie: Historia ya Sampu, Makambako na Njombe

Magari ya mwanzo duniani yalivuja oili kwa makusudi. Injini nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zililainishwa kwa mtindo wa kutumia na kupoteza: oili ilidondoshwa kidogo kidogo kwenye beringi, ikafanya kazi yake, kisha ikaungua au ikamwagika barabarani. Dereva alijaza kopo lake tena, safari ikaendelea. Baadaye waundaji wa magari wakaona hasara hiyo haina maana. Wakafunga beseni chini ya injini, oili ikawa inashukia humo, pampu inaivuta kupitia chujio na kuirudisha juu, mzunguko usioisha. Beseni hilo ndilo mafundi wetu wanaloliita sampu.

Sampu haina umeme, haina gia, haina kitu kinachozunguka. Ni bati lililokunjwa, au alumini iliyomiminwa, lenye ukingo uliozungushiwa bolti ndogondogo na nati moja kubwa ya kumwagia oili. Lakini injini nzima inaitegemea. Gari dogo hubeba oili isiyofika hata lita 4. Ikiisha yote, pampu huvuta hewa, kranki na beringi zake hukutana chuma kwa chuma, injini inaanza kunoki, na baada ya dakika chache mwenye gari ana kilo nyingi za chuma chakavu alizokuwa akiziita usafiri.

Tena sampu ndiyo sehemu ya injini iliyo karibu zaidi na barabara. Kila kilichotokea barabarani, yaani jiwe, bonde, tope, tuta, kimepita sentimita chache chini yake. Kwa hiyo nikiulizwa historia ya kwetu ianzie wapi, mimi niko tayari kulala chali uvunguni mwa gari na kuanzia hapo. Kwetu ni Njombe, na Njombe huwezi kuieleza bila Makambako, mji ulioko kilomita 60 hivi kaskazini, pale barabara ya kutoka Songea inapoikuta barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia.

Barabara kuu hiyo haikuwa lami siku zote. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia. Uingereza ikajibu kwa vikwazo vya mafuta. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia Rhodesia, na mwezi Desemba njia hiyo ikafungwa. Nchi yenye migodi mikubwa ya shaba ikabaki bila petroli wala dizeli. Kwa miezi kadhaa ndege zilibeba mapipa angani, lakini ndege haziwezi kulisha nchi. Mzigo ukaangukia malori kutoka bandari ya Dar es Salaam: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, hadi kwenye migodi, karibu kilomita 2,000, sehemu kubwa ikiwa udongo mtupu. Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Njia hiyo ikapewa jina la Njia ya Jehanamu.

Anayeijua nyanda yetu ya juu wakati wa masika anaelewa jina hilo. Udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Ukikauka, magurudumu yanakuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, na katikati kunabaki mgongo wa udongo mgumu uliofichama mawe. Tairi zinapita mferejini, sampu inapita juu ya mgongo. Gari lililobeba mzigo mzito hukaa chini zaidi, na jiwe moja linatosha.

Jiwe likishatoboa, aliyekuwepo ni dereva na utingo wake. Karakana yenye vifaa ilikuwa umbali wa siku nzima au zaidi. Hapo ndipo ninapoona chimbuko la ufundi wa nyumbani katika miji yetu. Watu husema tunajitengenezea magari kwa sababu ya umaskini, au kwa sababu Mbena hapendi kutoa pesa mfukoni. Mimi naona umbali ndio uliotufundisha. Aliyeharibikiwa mbali na kila kitu hana budi kujua kilicho chini ya gari lake, na miji ya njiani kama Makambako ikajaa watu wa namna hiyo.

Enzi ya mawe ilianza kuisha haraka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ikawekwa lami, Marekani na Benki ya Dunia zikiwa miongoni mwa wafadhili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo na wahandisi wa China kuanzia 1970, ikapanda kutoka bonde la Kilombero kwa madaraja na mahandaki mengi hadi Makambako, mahali inapoikuta barabara kuu. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Kwa muda wa miaka kumi tu, mji mdogo wa Wabena ulikuwa umepitiwa na bomba, lami na reli, vyote vitatu kwa sababu ya mafuta na shaba ya jirani.

Njombe ilisubiri zaidi. Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza. Na ilijengwa wakati wa ajabu, kwa maana barabara ilikuwa inakuja huku magari yakiwa yanakufa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huohuo wa 1979. Nchi ikakosa dola za kununulia vipuri, sabuni, hata betri za redio. Ungeweza kuwa na gari, lami mlangoni, na bado usitembee kwa kukosa kipande cha gasketi cha unene wa milimita tatu.

Baba yangu mdogo alianza utingo katika miaka hiyo, kwenye lori la mizigo lililokuwa likilala Makambako, na siku hizi ana gereji yake pale pale, chini ya miti. Gasketi za sampu za zamani zilitengenezwa kwa gome laini, lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo. Zilikuwa nene, zikakauka na kusinyaa kadiri injini ilivyopashwa moto na kupoa. Dawa ilikuwa kukaza tena bolti kila baada ya muda. Zikichoka kabisa, na mpya hakuna, walikata wenyewe. Alinionyesha jinsi: unachukua kadibodi ngumu ya boksi, unailaza juu ya ukingo wa sampu, unaigonga taratibu kwa nyundo yenye kichwa cha duara, na ukingo wenyewe unaikata karatasi kwa umbo lake halisi, matundu ya bolti yakiwemo. Unaipaka grisi, unaifunga. Mpira wa tyubu hawakuutumia, maana ukikutana na oili huvimba na kulegea. Sabuni ya kipande waliiweka kwa ajili ya tangi la mafuta, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Kwenye sampu haikufaa, oili ya moto huilainisha.

Kadibodi haina uvumilivu. Ili isivuje unaibana kwa nguvu zote. Ndiyo maana kila fundi wa rika lake ana msemo mmoja anaowaachia vijana: kaza mpaka ilie. Bolti ikilia chini ya spana, imeshika.

Kisha zama zikageuka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezitoa wapi, na baada ya 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mlango ukafunguka zaidi. Miaka ya 1990 na kuendelea meli zikashusha magari ya mtumba kutoka Japani, mwanzoni kidogo kidogo, baadaye kwa maelfu. Gari likaacha kuwa mali ya shirika la umma, misheni na tajiri wa mbao. Mwalimu akapata gari. Muuza viazi akapata gari.

Magari hayo yaliundwa kwa ajili ya lami ya Japani. Yako chini, na sampu zake ni za bati jembamba. Tena nyingi hazina gasketi kabisa. Kiwandani hupakwa utepe wa silikoni ya maji, sampu ikabandikwa, silikoni ikaganda na kuwa mpira mwembamba unaoziba. Huu ni mfumo mwingine kabisa, unaotaka mkono mwingine. Lakini mikono iliyoyapokea magari haya Makambako na Njombe ilikuwa ile ile ya enzi ya kadibodi.

Hilo nililiona kwa macho kwenye uwanja wa nyumba yetu Njombe, mwezi Julai, gari langu dogo lilipokuwa likiacha doa la ukubwa wa sahani kila asubuhi. Nilimwita baba mdogo. Alipanda Hiace ya asubuhi, akashuka amejifunga shuka la masai juu ya koti, maana Julai ya Njombe haina utani, kuna asubuhi nyasi zinaamka na sakitu nyeupe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene! Mgonjwa yuko wapi?"

Kabla hajafika nilikuwa nimeshafanya uchunguzi, kwa sababu oili inayodondoka kwenye sampu si lazima iwe imetoka kwenye sampu. Inaweza kuanzia juu kwenye kava ya tapeti, au kwenye sili ya nyuma ya kranki, ikateremka na kuning'inia mahali pa chini kuliko pote. Pia bomba la kupumulia la injini likiziba, presha ya ndani huisukuma oili itoke popote inapopata upenyo, na hapo unaweza kubadilisha gasketi tatu bila kupona. Njia rahisi ya kujua ni kuosha injini kwa maji ya moto na sabuni, kuiacha ikauke, kuipulizia poda ya mtoto pande zote, kisha kuiwasha robo saa. Oili huchora mstari wake kwenye weupe. Wangu ulianzia ubavuni mwa sampu, kati ya bolti mbili.

Tuliinua gari. Hapa baba mdogo hana mzaha. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tofali la kuchoma halifai pia, linaonekana gumu kisha linapasuka ghafla bila kutoa onyo. Tulisimamisha gari juu ya stendi mbili za chuma, tukaweka na magogo mapana ya mti wa paini kama akiba, na tukazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Alilisukuma gari kwa bega mara tatu kabla hajaniruhusu kuingia. Anawajua watu walioingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, na hapendi kuwasimulia.

Tukamwaga oili ikiwa na uvuguvugu, ili itoke na uchafu wake. Tukafungua bolti zote kwa spana ya kumi. Sampu iliyobandikwa kwa silikoni haitoki kwa kuchokonolewa na bisibisi, utaacha makovu yatakayovuja milele. Tuliikata gundi kwa kisu chembamba, polepole, tukizunguka ukingo mzima mpaka ikaachia.

Ndani ya chujio la pampu tulikuta nyuzi za silikoni nyekundu, kama minyoo. Kabla gari halijawa langu, kuna mtu aliwahi kupaka gundi nyingi mno. Inayominywa kwenda nje inaonekana, inafutwa. Inayominywa kwenda ndani inakatika na kwenda kulala kwenye chujio, na siku ikiziba, injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Nilizitoa moja moja kwa kibano.

Tuliposafisha ukingo hadi chuma kikang'aa, nikaleta rula ya chuma na kuilaza juu yake kwa ubapa. Kati ya bolti na bolti kulipita mwanga.

"Baba mdogo, naomba uangalie hapa."

Akachuchumaa. Ukingo ulikuwa na mawimbi. Kila penye tundu la bolti bati lilikuwa limebonyea kuelekea juu, kila penye nafasi kati ya bolti lilikuwa limejitenga. Silikoni iliyokuwa penye tundu ilikuwa imeminywa yote, iliyokuwa kati haikuwa imebanwa na chochote. Mahali ambapo poda ilichora mstari ndipo wimbi lilipokuwa kubwa kuliko yote.

"Huyu alikaza mpaka ikalia," nikasema.

Akapitisha kidole gumba ukingoni, akanyamaza kidogo. "Kumbe bati lenyewe ndilo lilikuwa linalia," akasema, akacheka.

Sikuona kwamba msemo wake ulikuwa wa uongo. Kwa kadibodi na gome, kwenye chuma kinene cha lori, ulikuwa kweli, na uliwaokoa watu wengi porini. Ulibaki tu mdomoni baada ya kitu ulichokusudiwa kutoweka. Nadhani ndivyo maarifa mengi yanavyotufikia kutoka enzi ya uhaba. Jibu linafika, swali lake linapotelea njiani. Kijana anarithi nguvu ya mkono bila kuambiwa kwamba nguvu ile ilikuwa ya kufidia gasketi isiyokuwepo dukani. Na kijana mwingine, aliyesoma maelekezo kwenye simu, anamdharau mzee bila kujua mzee alikuwa akitatua tatizo gani.

Tuliunyoosha ukingo juu ya kipande cha mbao ngumu, kwa nyundo ndogo, rula ikiamua. Tukapaka silikoni utepe mmoja wa milimita 3 hadi 4, usiokatika, ukipita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Tukaibandika sampu mara moja kabla gundi haijaota ngozi. Bolti zote kwanza kwa vidole. Kisha kwa spana fupi, kuanzia katikati kwenda pembeni, upande huu na upande ule, mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili kidogo tena, kwa nguvu ya kifundo cha mkono pasipo bega. Bolti ndogo namna ile haihitaji zaidi. Na tofauti na gasketi za gome, hairudiwi kukazwa wiki ijayo, kwa kuwa silikoni iliyokwisha kuganda ukiisogeza unaivunja.

Mimi nilitaka kutia oili jioni ile ile, kwa kuwa kopo la gundi liliandikwa saa chache. Baba mdogo akakataa.

"Hayo masaa ni ya Dar es Salaam," alisema. "Njombe mwezi wa saba gundi inalala kama watu. Iache mpaka kesho mchana."

Alikuwa sahihi. Silikoni hii huganda kwa unyevu wa hewa na joto, na baridi huichelewesha sana. Kopo halikuandikwa kwa kufikiria mji ulioko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Yeye alijifunza hilo kwa kulala chini ya malori nyakati za usiku.

Likabaki suala la oili chafu ndani ya beseni, karibu lita 4. Desturi yetu ni kuipaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile, inayobaki inamwagwa mtaroni. Lakini mitaro ya Njombe inateremkia mto Ruhuji, Ruhuji unaingia Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji, mto ambao sasa unaendesha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere. Enzi za lori moja kwa wiki mtaro ulivumilia. Leo kila mtaa una magari, na desturi hii nayo ni jibu la swali lililokwisha pita. Tuliimimina kwenye dumu lenye kifuniko, akaondoka nalo kwenda Makambako. Gereji yake ina pipa la kukusanyia, na yupo anayekuja kulinunua.

Kesho yake saa nane mchana nilitia oili mpya, nikapuliza poda, nikawasha. Poda ilibaki nyeupe. Imebaki hivyo hadi leo, wiki ya sita.

Rula yangu ya chuma haijarudi. Baba mdogo aliiomba siku ile ile, na wiki iliyopita nilipopita gereji kwake nilimkuta kijana wake mmoja amekaa juu ya tairi, sampu mapajani, ameilaza rula ukingoni na kuielekezea jua, anatafuta mwanga.